Ufa Kwenye Rimu Nyepesi

Kila siku saa tisa alasiri, wenzake walipokimbilia uwanja wa mpira, Ndeshi alikimbilia gereji. Alijificha nyuma ya pazia la magunia, akavua sare ya shule, akavaa suruali kuukuu ya baba yake iliyokatwa miguu na kufungwa kamba kiunoni, kisha akashika nyundo. Wasichana wa darasa la sita walimcheka sana kwa suruali ile. Ndeshi hakujali. Kucheka wangecheka, lakini kupiga nyundo kama yeye hakuna aliyeweza, hata wavulana.

Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati kando ya barabara ya Karatu, ile inayotoka Arusha kwenda Ngorongoro. Mwenye gereji alikuwa baba yake, fundi Eliamani. Malori ya vitunguu kutoka Mang'ola yalisimama hapo, na magari ya watalii pia, ingawa mwaka ule wa themanini na nne watalii walikuwa wa kuhesabu na petroli ilipatikana kwa kibali. Barabara hazikuwa na huruma. Kulikuwa na mawe huku na makorongo kule, na kila wiki rimu zilipinda.

Kunyoosha rimu ndiyo ilikuwa kazi ya Ndeshi. Rimu ni ule mduara wa chuma unaovishwa tairi, na ukingo wake ukigonga jiwe hupinda. Ndeshi aliilaza rimu juu ya kipande cha reli, akapapasa kwa kidole mahali palipopinda, akagonga ngo, ngo, ngo, huku akiizungusha kidogo kidogo mpaka ukingo ukarudi. Madereva walisimama kumtazama.

"Fundi Eliamani," walisema, "huyu binti ukimwozesha, sote tutahamia huko aliko!"

Baba alicheka. Ndeshi naye alivimba kichwa, na kusema kweli, kilivimba kuliko inavyofaa.

Mteja aliyempenda kuliko wote alikuwa Polycarp, dereva wa pikapu ya kliniki ya mama na mtoto. Watoto wa mtaa mzima walimwita mjomba. Polycarp alikuwa mtu wa maneno. Aliweza kukusimulia pancha moja kwa saa nzima. Yeye ndiye aliyempeleka mama yake Ndeshi, nesi Hyasinta, katika vijiji vya mbali kuchanja watoto.

Wiki mbili kabla ya mambo ya kisa hiki, Polycarp alikuja gereji amejaa tabasamu. Bwana mmoja wa mradi wa maji alikuwa amemaliza mkataba wake na kurudi kwao, akamwachia zawadi ya rimu nne. Hazikuwa za chuma. Ziling'aa kama sufuria mpya na zilikuwa na mikono mitano iliyopangika kama ua.

"Alumini hiyo!" alisema Polycarp. "Fundi, nifungie sasa hivi, nisije nikaota usiku zimeibiwa."

Baba alimpa Ndeshi rimu ya chuma ainue. Mikono ilimvuta chini. Kisha akampa ile ya alumini. Ndeshi aliiinua kwa mkono mmoja, akapigwa na mshangao.

"Baba, mbona nyepesi hivi? Kwani gari litajua tofauti? Si linabeba watu wanane na masanduku?"

Baba alifuta mikono kwa kitambaa. "Masika unapotoka shule na udongo wa Karatu umekuganda viatuni, unachoshwa na nini? Na mkoba ulio mgongoni?"

"Hapana. Na viatu."

"Kwa nini? Udongo si mzito kuliko mkoba."

Ndeshi alifikiri. "Kwa sababu kila hatua nauinua."

"Basi. Unauinua, unaurusha mbele, unausimamisha, unaanza tena. Gurudumu ni mguu wa gari. Uzito ulio kwenye gurudumu, injini inausukuma mbele na inauzungusha vilevile, na breki nazo zina kazi hiyohiyo kuusimamisha. Ukipita kwenye shimo, gurudumu zito linaruka na kudunda, jepesi linafuata barabara. Ukipunguza uzito hapo chini, gari linapanda vizuri, linasimama vizuri na linakunywa petroli kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza Polycarp, akitega sikio.

"Kidogo tu, usianze kuota," alisema baba, na wote wakacheka.

Lakini Polycarp aliota hivyo hivyo. Wiki ile nzima alitangaza sokoni kwamba pikapu yake imekuwa swala.

Siku ya Jumanne baba aliondoka asubuhi kwenda Mang'ola kutengeneza lori lililokwama huko. Alasiri Ndeshi akiwa peke yake gereji, Polycarp alifika na moja ya rimu zake mkononi. Alikuwa amegonga jiwe njia ya Oldeani, na ukingo ulikuwa umeingia ndani kiasi cha kina cha kidole gumba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, fundi wangu. Baba yuko?"

"Amekwenda Mang'ola. Niachie mimi, utaikuta tayari."

Polycarp alijikuna kidevu. "Hii si kama zile nyingine, mama. Labda tumsubiri baba."

Hapo ndipo kichwa kilichovimba kilipofanya kazi yake. "Mjomba, alumini si ndiyo ile ya sufuria? Sufuria ya mama ilidondoka ikabonyea, nikaigonga ikarudi. Chuma ninakiweza, nitashindwa na hii laini?"

"Haya," alisema Polycarp, akaenda kufuatilia kibali chake cha petroli.

Ndeshi aliilaza rimu juu ya reli. Aligonga mara ya kwanza. Aligonga mara ya pili. Ukingo haukusogea. Alikunja uso, akainua nyundo juu, akaishusha kwa nguvu zake zote.

Sauti iliyotoka haikuwa ile ngo aliyoizoea. Ilikuwa kavu, tok, kama fimbo inayovunjwa gotini.

Ukingo ulikuwa umerudi mahali pake. Ndeshi alipitisha kidole ili ajipongeze, na kidole kikanasa. Aliinama. Kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umeanza ukingoni na kuingia ndani ya mmoja wa ile mikono mitano, urefu wa kidole chake. Aligonga tena taratibu kwa fundo la kidole. Tok.

Alitazama barabarani. Hapakuwa na mtu ila mbuzi wa jirani. Alifikiri juu ya madereva wanaosimama kumtazama. Alifikiri juu ya Polycarp na tabasamu lake. Mkono wake ukachota grisi kidogo, ukachanganya na vumbi jekundu, ukaupaka ule mstari na kuufuta vizuri. Mstari ulipotea kabisa. Ndeshi mwenyewe alishtuka kuona jinsi ulivyopotea upesi.

Polycarp aliporudi alivisha tairi na mpira wake wa ndani, akajaza upepo. Tairi haikuvuja hata chembe. Alilifunga gurudumu mbele, upande wa kushoto, akakaza nati.

"Iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa, mjomba."

Yalikuwa maneno matatu tu. Ndeshi alijiambia kwamba pikapu ingetoka siku ya Ijumaa, tena kwenda Rhotia, karibu tu. Kabla ya Ijumaa angemwambia baba faraghani, na baba angejua la kufanya.

Jioni ile baba alirudi na kilo mbili za vitunguu, na wote watatu wakakaa kula makande. Mama alikuwa akikunja bendeji huku akila, kama kawaida yake.

"Kesho sipo," alisema. "Surua imeingia Olbalbal. Daktari amesema tusingoje Ijumaa. Polycarp ananichukua saa moja asubuhi, tunapanda kreta ya Ngorongoro, tunateremkia kule."

Kijiko kilimtoka Ndeshi, kikaanguka kwenye bakuli. Barabara ya Olbalbal aliijua. Ilipanda msituni mpaka ukingo wa kreta, ambako ukungu hukufunika usione pua ya gari, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa. Kisha iliteremka na kuteremka, kona juu ya kona.

"Vipi, umejiunguza?" aliuliza mama.

"Hapana, mama."

Alifungua mdomo aseme. Wakati huohuo baba alimpiga begani kwa furaha. "Nimekutana na Polycarp njiani. Ananiambia umemnyooshea rimu vizuri mno. Nilijua tu, ile ya akiba aliyokuwa anailalamikia tangu mwezi uliopita. Mama Ndeshi, tuna fundi ndani ya nyumba!"

Baba alidhani ni rimu ya chuma! Ndeshi alimtazama baba anayecheka, akamtazama mama anayetabasamu. Mdomo ukafunga wenyewe. Alisema amechoka, akaenda kulala, ingawa usingizi haukuwa na habari naye.

Asubuhi honi ililia. Mama alitoka na kasha la barafu lenye chanjo, akakaa mbele, kushoto kwa dereva, juu kabisa ya gurudumu lile. Ndeshi alisimama mlangoni na ufagio mkononi. Aliona grisi iliyokauka kwenye rimu. Aliinua mkono alisimamishe gari.

Mama alidhani anaagwa. Akapunga mkono. Na Ndeshi, badala ya kupiga kelele, akapunga pia. Pikapu ikapita zahanati kuchukua dawa, ikashika njia ya Ngorongoro.

Ndeshi alifika shuleni kama mtu aliyepigwa ganzi. Alifagia sehemu yake ya uwanja mara mbili bila kujijua. Saa moja na nusu kiranja alikwenda kugonga kengele. Kengele ya shule ile, kama za shule nyingi, ilikuwa rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkrismasi, na iligongwa kwa kipande cha nondo.

Ngooo! Ngooo! Ngooo!

Ilikuwa sauti nzima, ndefu, iliyofika mpaka sokoni. Ndeshi alisimama palepale. Rimu nzima hulia hivyo. Ile ya chini ya miguu ya mama ilisema tok.

Wanafunzi walikuwa wanapanga mistari ya paredi. Ndeshi alitoka mstarini, akapita mbele ya darasa la saba, akapita mbele ya bendera, mpaka kwa Mwalimu Ngoyai, mwalimu wa zamu. Shule nzima ilimgeukia kuona maajabu hayo.

"Mwalimu, mama yangu atakufa," alisema. "Nimepasua rimu ya gari la kliniki. Nikaficha. Wamekwenda Olbalbal."

Mwalimu Ngoyai alikuwa mtu mkali, fimbo yake ilikuwa na jina lake yenyewe. Ndeshi alingoja kugombezwa. Lakini Mwalimu alimtazama usoni mara moja tu, akaitupa fimbo kwenye majani na kukimbilia pikipiki yake.

Walimkuta baba gereji akikoroga chai. Ndeshi alirudia maneno yale yale. Kikombe kilibaki hewani.

"Rimu ipi?" baba aliuliza kwa sauti ndogo. "Ndeshi, rimu ipi?"

"Ya alumini. Ya mbele kushoto."

Kamwe Ndeshi hakuwahi kuuona uso wa baba yake ukiwa vile. Hakukasirika. Alikuwa ameogopa. Kumwona baba mwenyewe, aliyelala chini ya malori mazito akipiga mluzi, ameogopa, kulimtisha kuliko kipigo chochote.

"Tutawakuta kwenye lango la Ngorongoro," alisema baba akirukia pikipiki, Ndeshi katikati yake na Mwalimu. "Polycarp husimama langoni nusu saa nzima. Injini yake huchemka, lazima aingoje ipoe aongeze maji. Mwalimu, kanyaga!"

Mwalimu alikanyaga. Vumbi liliwaingia machoni na mdomoni. Waliwapita ng'ombe, wakalipita trekta, wakapita mashamba ya ngano, na kila walipopanda mwinuko Ndeshi alinyoosha shingo atafute mgongo mweupe wa pikapu. Katika tangi palikuwa na petroli ya kufika langoni tu. Mwalimu alikuwa akiitunza tangu mwisho wa mwezi aendee mkutano wa walimu.

Langoni walimkuta askari wa hifadhi, Mzee Tobiko, amekaa kwenye kiti chake cha kamba. Kando ya kizuizi palikuwa na debe la maji, lile la kila siku la pikapu ya Polycarp. Lilikuwa limejaa pomoni.

"Polycarp yuko wapi?" baba alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama.

"Poly? Amepita zamani. Ni nusu saa sasa." Mzee Tobiko alicheka. "Leo hakutaka hata maji yangu. Anasema gari yake imekuwa nyepesi, haichemki tena. Kweli, nimeona mwenyewe, imepanda kama mbuzi!"

Rimu zile zilikuwa zimefanya kazi yake vizuri kabisa. Asubuhi ya baridi ilisaidia, ndiyo, lakini ni wepesi uleule uliomshangaza Ndeshi ambao sasa ulimchukua mama yake mbali, mbele kuliko pikipiki ya Mwalimu. Ndeshi aliketi chini penye vumbi.

Baba alimweleza Mzee Tobiko kwa maneno machache. Mzee hakucheka tena. Aliingia kibandani, akaiwasha simu ya upepo, akakiita kituo cha ukingoni mwa kreta.

"Kituo cha juu, kituo cha juu, hapa lango. Mnanisikia?"

Ikajibu mkwaruzo mtupu. Akarudia. Mkwaruzo. Mara ya tatu sauti ya mtu ikatokea ndani ya mkwaruzo.

"Lango, nakupata."

"Pikapu ya kliniki iko hapo? Izuieni!"

"Pikapu? Imepita sasa hivi. Imeingia kwenye ukungu."

Baba aliishika fremu ya mlango. Ndeshi alimsikia akilitaja jina la mama, jina lake halisi, Hyasinta, si Mama Ndeshi kama siku zote.

"Ngoja," alisema Mzee Tobiko. "Kuna greda. Metui anachonga barabara kabla ya mteremko, ana redio. Metui! Metui, ee! Unanisikia?"

"Nasikia."

"Pikapu inakuja kwako. Isiteremke. Gurudumu bovu. Weka greda katikati ya njia. Usiulize, weka!"

Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja kule Ndeshi hatakusahau. Alihesabu mawe yaliyopakwa chokaa kando ya lango, akayahesabu tena, hesabu haikulingana. Mwalimu Ngoyai alimwekea mkono kichwani.

Redio ilikwaruza.

"Lango. Wamesimama. Dereva ananitukana vibaya sana, lakini wamesimama."

Baba alikaa chini kando ya Ndeshi, akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi, akalia. Ndeshi hakuwa anajua kwamba baba hulia.

Lori la maji la hifadhi lilikuwa linapanda, likawachukua baba na Ndeshi. Waliikuta pikapu katika ukungu, pua yake hatua kumi kutoka kwenye greda. Mbele ya greda barabara ilitumbukia chini isionekane. Mama alikuwa amesimama na kasha lake la barafu. Polycarp alikuwa bado anagombana na Metui.

"Fundi, afadhali umekuja!" alisema. "Eti gurudumu bovu! Hii rimu nimeitazama mwenyewe, haina hata mkwaruzo. Muulize binti yako, ndiye aliyeitengeneza."

"Nimeificha, mjomba," alisema Ndeshi. "Haikuwa sawa. Ilipasuka, nikapaka grisi na vumbi."

Baba alipiga jeki, wakafungua gurudumu, wakalivua tairi. Metui alileta maji wakaosha. Ule unywele wa jana haukuwa unywele tena. Ulikuwa umetembea toka ukingoni, ukaufuata mkono wa rimu mpaka kwenye tundu la nati, na mkono wa pili nao ulikuwa umeanza kupasuka. Baba aligonga kwa spana, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

Kipande kikubwa kama kiganja cha mkono kilikatika, kikaanguka kwenye majani. Kilibingirika kidogo, kikafika penye ukingo wa barabara, kikatumbukia katika ukungu. Walisikiliza. Hawakusikia kikifika chini.

Hata Polycarp hakusema neno, na Polycarp kunyamaza lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana Karatu nzima. Alikaa kwenye ngazi ya greda.

Mama alimgeukia Ndeshi. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Ulinipungia mkono," alisema polepole. "Uliniona nimekaa juu ya kitu hiki, Ndeshi, ukanipungia mkono."

Maneno yale yalimchoma Ndeshi hadi mifupani. Alijitupa chini akashika miguu ya mama, akalia mpaka akakosa pumzi. Mama alisimama kitambo kirefu bila kumgusa. Kisha akainama, akamwinua, akamfuta kamasi kwa pindo la gauni lake jeupe la kazi.

"Umesema," alinong'ona. "Umechelewa, lakini umesema. Nyamaza sasa. Kuna watoto wananisubiri."

Baba alinyoosha kwa nyundo ukingo wa gurudumu la akiba, lile la chuma zito lililojaa kutu, akalifunga. Alizigonga pia zile rimu tatu za alumini zilizobaki, moja moja, akiziwekea sikio. Zote zililia vizuri. Ndipo alipomketisha Ndeshi kando ya barabara.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilikufundisha wepesi wa alumini, sikukufundisha tabia yake. Alumini ya sufuria ni bamba laini, inafuata nyundo. Hii imeyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ni nyepesi na ina nguvu, lakini ukiipiga ikiwa baridi haipindi, inapasuka. Hilo hukulijua, na kutojua si dhambi. Wangapi wameharibu vitu katika gereji yangu? Mimi mwenyewe niliua injini nzima ya lori nikiwa mwanafunzi."

Ndeshi alimtazama kwa mshangao.

"Lakini sikiliza, mwanangu. Chuma kikiumia kinapinda, na kila mtu anakiona, anakileta kwa fundi. Kile kilichopasuka ndani na kupakwa grisi juu hakuna anayekiona, na watu wanapanda juu yake wakicheka. Rimu haikuficha ufa wake. Ni wewe uliyeuficha. Jana ungesema, Polycarp angekasirika siku mbili, basi. Leo ungesema saa moja baadaye, ningekuwa nachimba kaburi. Ukikosea, pinda tukuone. Kilichopinda nitakinyoosha, ndiyo kazi yangu."

Polycarp aliinuka kwenye ngazi ya greda. Alimsogelea Ndeshi, naye Ndeshi akakaza macho akingoja.

"Rimu ni rimu," alisema Polycarp, sauti bado haijatulia. "Nami nilijua tumsubiri baba, nikafuata haraka zangu. Yaishe. Lakini tangu leo ukiniambia iko sawa, nitakuuliza mara mbili."

"Niulize hata mara tatu, mjomba."

Pikapu iliteremka taratibu kwenda Olbalbal, na siku ile watoto wote waliongoja walichanjwa, wa mwisho jua likiwa linazama. Polycarp alizivua zile rimu tatu akazitundika nyumbani kwake, kwa kuwa Karatu hapakuwa na wa kuzitengeneza zikiumia. Pikapu ikarudia kuchemka, na Mzee Tobiko akarudi kuweka debe lake la maji langoni.

Mwezi mmoja hivi ulipita. Alasiri moja gereji ilikuwa imejaa madereva, na Ndeshi alikuwa akikaza nati ya lori la vitunguu. Alikaza kupita kiasi. Bolti ikakatika, krak. Hakuna aliyesikia, kwa maana Polycarp alikuwa katikati ya kisa chake cha greda, akikisimulia kwa mara ya arobaini.

Ndeshi alikitazama kile kipande mkononi mwake. Alisimama, akapaza sauti watu wote wasikie.

"Baba, nimeharibu!"

Madereva waligeuka. Baba hakuinua hata kichwa kutoka chini ya gari, lakini Ndeshi aliisikia furaha ndani ya sauti yake.

"Lete tuone."